Mtazame Anapotua: Mbinu za Kufuatilia Jimnastiki ya Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia

Wengi wetu jimnastiki huiona mara moja kila miaka minne, Olimpiki inapofika, na huiona kwa kubahatisha. Kijana anapiga vichwangomba viwili hewani, ukumbi mzima unashangilia, halafu ubao unaandika 13.1 na kocha wake anatikisa kichwa. Anayemfuata hajafanya la kushangaza machoni petu, lakini anapata 13.8 na wenzake wanamkumbatia. Mtazamaji anamgeukia jirani kumuuliza kulikoni, na jirani naye hajui.

Kitendawili hiki kina jibu, na jibu lenyewe halihitaji uwe umewahi kuning'inia kwenye pete. Linahitaji ujue pa kuelekeza macho. Mahali pazuri pa kujifunzia ni Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia, inayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Vyuo Vikuu, FISU. Michezo hii, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Universiade, ilianza Torino, Italia, mwaka 1959, na jimnastiki iliingia kwenye michezo ya pili, Sofia 1961. Hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ya 2025 ilikuwa Rhine-Ruhr, Ujerumani, ambako jimnastiki ilichezwa katika jiji la Essen. Ijayo ni ya 2027 katika eneo la Chungcheong, Korea Kusini.

Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba mabingwa na wanaoanza hupanda ulingo mmoja. Nadia Comaneci, aliyeushangaza ulimwengu Montreal 1976 akiwa na miaka 14, alishinda dhahabu 5 kwenye michezo hii mwaka 1981, nyumbani kwao Bucharest. Aliya Mustafina wa Urusi, bingwa wa Olimpiki wa London 2012 kwenye pau, aliibuka bingwa wa jumla, yaani wa vifaa vyote kwa pamoja, kwenye michezo hii ya Kazan mwaka uliofuata. Kando ya watu wa aina hiyo huwapo wanafunzi wa nchi zilizoleta mchezaji mmoja tu. Ukiwatazama wote kwa siku moja, tofauti ambazo huko Olimpiki zinajificha ndani ya sehemu za kumi za alama, hapa zinaonekana waziwazi.

Tambua kwanza ni jimnastiki ipi

Kwenye ratiba utakuta aina mbili. Ya kwanza ni jimnastiki ya vifaa. Wanaume wana vifaa sita: zulia, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, pau sambamba na upau wa juu. Wanawake wana vinne: meza ya kurukia, pau za ngazi mbili, boriti na zulia. Ya pili ni jimnastiki ya mahadhi, ya wanawake, inayochezwa kwa muziki na vifaa vya mkononi kama mpira na utepe. Kanuni zake za alama ni tofauti kabisa, kwa hiyo usihamishe hesabu za huku kwenda kule. Sehemu kubwa ya ushauri ufuatao ni wa jimnastiki ya vifaa. Ya mahadhi nitaigusa baadaye.

Soma alama mbili kabla ya jumla

Kosa la watazamaji wengi ni kusoma jumla peke yake. Kila zoezi hupewa alama mbili. D ni ugumu, yaani thamani ya yote aliyoyafanya mchezaji. E ni utekelezaji, yaani ameyafanya kwa usafi kiasi gani. D huanzia sifuri na kupanda bila kikomo. E huanzia 10 na kushuka kila kosa linapoonekana. Zikijumlishwa, na adhabu kama vile kukanyaga nje ya mstari zikitolewa, ndipo unapata alama ya mwisho.

Mfumo huu ulianza mwaka 2006. Kabla ya hapo alama ya juu kabisa ilikuwa 10, ile ile aliyoipata Comaneci Montreal. Kwa hiyo ukisikia mtu akilalamika kwamba siku hizi hakuna anayepata kumi, mwambie kumi imebaki upande mmoja wa hesabu, na hata huko haijawa rahisi kuipata.

D hujengwaje? Kila kipengele kina herufi. A ni 0.1, B ni 0.2, C ni 0.3, na kuendelea hivyo. Kwa wanawake kwenye pau, boriti na zulia, huhesabiwa vipengele vinane vyenye thamani kubwa, ukiwamo ule wa kushukia. Juu yake huongezwa masharti manne ya muundo wa zoezi, 0.5 kila moja, na nyongeza za kuunganisha vipengele bila kusita.

Tuseme mchezaji wa boriti ana kipengele kimoja cha E, vitatu vya D, vitatu vya C na kimoja cha B. Hiyo ni 2.8. Ametimiza masharti yote, ongeza 2.0. Ameunganisha vizuri, ongeza 0.4. D yake ni 5.2. Majaji wa utekelezaji wamemkata 1.9, kwa hiyo E ni 8.1. Jumla 13.3. Angeanguka mara moja tu, pointi nzima ingeondoka na angebaki na 12.3, pengine angepoteza na zile nyongeza za kuunganisha.

Sasa weka wawili kando kwa kando. Mmoja ana D ya 6.0 na E ya 7.6: jumla 13.6. Mwingine ana D ya 5.2 na E ya 8.5: jumla 13.7. Wa pili ameshinda kwa zoezi jepesi zaidi. Hapo ndipo kitendawili cha mwanzo kinapofumbuka. Yule wa vichwangomba viwili alileta ugumu mkubwa, akaulipia kwa magoti yaliyokunjika na hatua alizopiga alipotua.

Zoea basi swali moja kila alama zinapotokea: huyu ameshinda kwa D au kwa E? Baada ya wachezaji kumi hivi utaanza kubashiri, na kubashiri ndiko kunakoufanya mchezo huu unoge.

Mtazame anapotua

Macho yetu huvutwa na mruko. Macho ya jaji husubiri mwisho wake. Makosa hukatwa kwa viwango: dogo 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, na kuanguka 1.0. Mengi ya makosa hayo mtazamaji wa kawaida anaweza kuyaona bila msaada:

Hatua ndogo baada ya kutua ni 0.1, hatua kubwa au mruko mkubwa ni 0.3.

Kuegemea mikono kwenye godoro huhesabiwa kama kuanguka, hata kama makalio hayakugusa chini.

Magoti kukunjika pasipotakiwa hukatwa kuanzia 0.1 hadi 0.5, kutegemea yamekunjika kiasi gani.

Miguu kuachana hewani wakati ilipaswa kubana pamoja hukatwa, na vidole vya miguu visivyonyooka hukatwa pia.

Mguu mmoja nje ya mstari wa zulia ni 0.1, yote miwili ni 0.3.

Anza na hatua za kutua peke yake. Mchezaji akishuka, hesabu hatua zake kabla hujasikia makofi. Akitua akasimama kama aliyegandishwa, magoti yakiwa yamelainika kidogo na mikono ikiinuka polepole, hapo amefunga hesabu. Akisogea, hata kisigino kimoja, amelipa. Ukishazoea miguu, panda kwenye magoti. Ukizoea magoti, panda kwenye vidole. Usijaribu kuyaona yote siku ya kwanza. Hata majaji hugawana kazi. Kuna jopo la D, ambalo kazi yake ni kuvitambua vipengele na kuvipa thamani, na kuna jopo la E, ambalo kila jaji wake hukata kivyake. Alama za juu na za chini kabisa za jopo la E huondolewa, na zilizobaki katikati hutafutiwa wastani.

Kila kifaa kina siri yake

Zulia ni mraba wa mita 12 kwa 12 wenye springi chini yake. Wanawake hucheza kwa muziki usio na maneno, kwa muda usiozidi sekunde 90. Wanaume hucheza bila muziki. Tazama pembe za zulia. Mchezaji anapojipanga pembeni kuvuta pumzi, mstari mgumu unakuja. Mstari wa mwisho ndio unaofichua nani amechoka, kwa sababu mapafu yakiisha, miguu hutua mizito na magoti hayanyooki.

Meza ya kurukia ina kimo cha mita 1.35 kwa wanaume na 1.25 kwa wanawake. Hakuna kifaa kinachokwisha upesi kama hiki: mbio za hadi mita 25, mguso, na ametua. Thamani ya D ya kila mruko imeshaandikwa kwenye kanuni, na kwa kuwa mruko ni mmoja tu, nafasi za kukosea ni chache. Ndiyo maana E zake huwa juu kuliko za vifaa vingine. Usilinganishe alama ya meza na ya boriti ukadhani mmoja ni hodari kuliko mwingine. Kwenye fainali ya kifaa hiki kila mchezaji hufanya miruko miwili tofauti na wastani wake ndio alama, kwa hiyo usimpe mtu dhahabu baada ya mruko wa kwanza.

Farasi wa vishikio ndiye anayewaangusha wengi. Mikono hubeba mwili wote huku miguu ikizunguka, na urefu wote wa farasi lazima utumike, ncha hadi ncha. Sikiliza na kutazama mwendo: ukiwa sawa, yuko salama, ukipungua kasi, nyonga zinashuka na kuanguka kunanukia. Lee Chih-kai wa Taiwan alishinda dhahabu ya farasi kwenye michezo ya Taipei 2017 mbele ya watu wake, kwa mtindo wa kuzungusha miguu iliyotanuka kama panga za feni. Miaka minne baadaye alipata fedha kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Pete zinataka nguvu na utulivu. Mkao wa nguvu, kama ule wa msalaba, lazima ushikiliwe sekunde mbili ili utambuliwe kikamilifu. Hesabu moja, mbili, polepole. Kisha inua macho utazame kamba: zikiyumbayumba, anakatwa.

Pau sambamba huonyesha tofauti kati ya mzuri na bora. Aliyetia fora hapa ni Zou Jingyuan wa China, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo na Paris, ambaye pia alishinda kwenye michezo ya vyuo vikuu ya Chengdu, katika mkoa wake wa nyumbani wa Sichuan. Michezo hiyo iliitwa ya 2021 lakini ilifanyika 2023 kwa sababu ya UVIKO-19. Paris alipata 16.200, alama ambayo wengine kwenye kifaa hicho huiona kwa mbali. Ukitafuta video zake, tazama anaposimama kwa mikono: mwili mstari mmoja, bila mkono kusogea kurekebisha.

Kwenye upau wa juu na pau za wanawake, kazi ni kuachia na kudaka. Akidaka mikono ikiwa imenyooka, amefanya vizuri. Akidaka viwiko vimekunjika au karibu mno na upau, anakatwa, na bembea inayofuata huanza na deni. Kwenye pau za wanawake angalia pia kusimama kwa mikono: zaidi ya nyuzi 10 kutoka wima, majaji huanza kukata. Aliyeanguka ana sekunde 30 za kurudi juu. Kifaa hiki ndicho kilicholipatia bara letu medali ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki, pale Kaylia Nemour wa Algeria alipotwaa dhahabu Paris 2024 kwa alama 15.700.

Boriti ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na iko mita 1.25 kutoka chini. Hapa usitafute kuanguka, tafuta kuyumba. Kila kuyumba kuna bei, na mchezaji anayeyumba mara nyingi bila kuanguka anaweza kumaliza chini ya aliyeanguka mara moja na kuwa safi kwingine kote. Tazama pia kusita: akisimama kati ya vipengele viwili vilivyopaswa kuungana, nyongeza ya kuunganisha imepotea. Muda ni sekunde 90, na aliyeanguka ana sekunde 10 za kupanda tena.

Usikose siku za mwanzo

Kwenye Olimpiki, fainali ya timu huanza upya kutoka sifuri. Kwenye michezo ya vyuo vikuu, desturi ni kwamba raundi ya kwanza hufanya kazi zote kwa pamoja: huamua medali za timu, na papo hapo huchuja watakaoingia fainali ya ubingwa wa jumla na fainali za kila kifaa. Anayesubiri siku ya mwisho ndiyo awashe simu atakuta dhahabu za timu zimeshagawiwa.

Siku hizo za mwanzo zina mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni hesabu ya timu: si kila mchezaji hupanda kila kifaa, na si kila alama huhesabiwa. Olimpiki ya Paris, kwa mfano, kwenye mchujo walipanda wanne na kuhesabiwa watatu; kwenye fainali walipanda watatu na wote wakahesabiwa. Kabla ya kuanza, soma utaratibu wa mashindano husika, kwa sababu ndio unaokuambia kama kuanguka kwa mmoja kunafutika au kunaizamisha timu.

La pili ni ukomo wa wawili kwa kila nchi kwenye fainali. Mwaka 2012 London, Jordyn Wieber wa Marekani, bingwa wa dunia wakati huo, alimaliza wa nne kwenye mchujo akabaki nje, kwa sababu Wamarekani wenzake wawili walikuwa juu yake. Ukiona China au Japani ina watatu ndani ya kumi bora, jua mmoja wao ataitazama fainali akiwa kwenye kiti.

La tatu ni kwamba alama za mchujo hazihamii fainali. Kila mmoja huanza upya, ndiyo maana wa nane aweza kuwa wa kwanza.

Alama zikifungana, na kocha akikimbilia meza

Wawili wakilingana kwenye fainali ya kifaa, mwenye E kubwa hukaa juu. Paris 2024, kwenye upau wa juu, Shinnosuke Oka wa Japani na Ángel Barajas wa Kolombia walipata 14.533 kila mmoja. Oka alichukua dhahabu kwa sababu zoezi lake lilikuwa safi zaidi. Kwa mtazamaji, hii ni hoja nyingine ya kusoma alama mbili badala ya moja.

Mara nyingine utaona kocha akiinuka upesi baada ya alama kutoka na kwenda kwa majaji. Anaomba D ichunguzwe upya. Anaruhusiwa kuhoji D ya mchezaji wake tu. E haihojiwi, na alama ya mpinzani haihojiwi. Ombi hutolewa kwa mdomo kwanza, mara alama inapoonekana, na kwa mchezaji wa mwisho wa zamu muda ni dakika moja. Dakika hiyo si mapambo. Baada ya fainali ya zulia ya Paris, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua kwamba ombi la kocha wa Jordan Chiles wa Marekani lilichelewa kwa sekunde 4, na matokeo ya nafasi ya tatu yakageuzwa. Kwa hiyo usizime simu alama ya mwisho inapotoka. Subiri mpaka ubao uthibitishe.

Usiichanganye na jimnastiki ya vyuo vya Marekani

Video zinazosambaa sana mitandaoni, kama ile ya Katelyn Ohashi wa UCLA ya Januari 2019, ni za ligi ya vyuo vya Marekani, NCAA. Huko 10 kamili bado ipo, na Ohashi aliipata. Michezo ya FISU hufuata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, zile zile za Olimpiki, za D na E. Ukiwa na rafiki anayeuliza mbona huyu kapata 13 wakati yule wa Marekani kapata 10 na wote wanashangiliwa, sasa una jibu: ni mizani mbili tofauti, na 10 ya huko haipimiki kwa 13 ya huku.

Neno fupi kuhusu jimnastiki ya mahadhi

Uwanja wake ni mita 13 kwa 13. Mchezaji mmoja mmoja hucheza na duara, mpira, rungu mbili na utepe wa mita 6, kila kifaa kwa sekunde 75 hadi 90. Kuna pia timu ya watu watano wanaocheza pamoja. Alama hugawanywa kati ya ugumu wa mwili, ugumu wa kifaa, usanii na utekelezaji. Mbinu ya kutazama ni moja: usikitazame kifaa kinapokuwa juu, tazama anachokifanya mchezaji wakati kifaa kiko juu, kisha tazama anavyokidaka. Kudaka bila kuangalia, au kwa mguu, kuna thamani. Kifaa kikianguka na kubiringika nje, hapo medali huanza kuteleza.

Panga saa na daftari

Korea iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki. Fainali ya saa moja jioni huko itakuwa saa saba mchana Dar es Salaam na Nairobi. Mchujo wa saa nne asubuhi huko utakukuta saa kumi alfajiri. Ratiba ya FISU huandikwa kwa saa za wenyeji, kwa hiyo fanya ubadilishaji mapema na uuandike kwa saa zetu, la sivyo utaamka fainali imekwisha. FISU ina chaneli yake ya mtandaoni. Jisajili na uijaribu siku chache kabla, usingoje mpaka mchezaji yuko juu ya pete.

Chora daftarini safu tano: jina, nchi, D, E na kutua. Kwenye safu ya kutua andika namba ya hatua. Kabla E haijatoka, andika unayoikisia kwa penseli. Mwanzoni utakosea kwa pointi nzima. Ukishatazama vipindi vichache utakosea kwa sehemu chache za kumi, na ukifika hapo umekuwa mtazamaji.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuwa ndani ya ukumbi

FISU huwapokea wanafunzi wenye umri wa miaka 18 hadi 25, pamoja na waliohitimu mwaka uliotangulia. Mchezaji hajiandikishi mwenyewe. Hupelekwa na shirikisho la michezo ya vyuo vikuu la nchi yake. Kwa hiyo anza na ofisi ya michezo ya chuo chako. Afrika ina shirikisho lake pia, FASU, lenye makao yake Kampala.

Tuseme ukweli: mtu haanzi jimnastiki akiwa mwaka wa pili wa chuo akapanda ulingoni mwaka wa tatu. Lakini pwani na mijini tuna vijana wa sarakasi, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, wenye nguvu za mgongo na mabega na wasioogopa kupinduka hewani. Wanachokosa ni vifaa vyenye vipimo vya kimataifa na kocha wa kuwafundisha kuondoa makosa. Sarakasi hukuongezea makofi kwa kila unachokiongeza. Jimnastiki hukukata kwa kila goti lililolegea. Mwenye nia ya kuvuka kutoka huku kwenda kule aanze kujirekodi kwa simu, akitua tu, mpaka asimame bila hatua. Na kwa asiye na mwili wa kazi hiyo, zipo njia nyingine za kuingia ukumbini: ujaji, kujitolea, na uandishi wa habari, ambao FISU ina programu yake kwa waandishi chipukizi.

Kwa sasa, kazi yako ni nyepesi. Michezo ya Korea ikifika, chagua kifaa kimoja tu, ukifuate kuanzia mchujo hadi fainali, na kila mchezaji anaposhuka hesabu hatua zake kabla ya kusoma ubao. Halafu mfundishe jirani yako.